Somo la Kompyuta: Cheti Kinapokataliwa

Somo letu la leo ni juu ya maneno matatu ya Kiingereza yanayowaudhi sana makarani na mafundi: "certificate verify failed." Maana yake ni kwamba kompyuta yako imepiga hodi kwa seva yenye hifadhidata, seva imetoa cheti chake, nayo kompyuta imekitazama na kusema, Huyu simjui. Mlango haufunguki. Aghalabu watu wamo foleni nje wanangoja, na jua limekwisha panda.

Hapo ndipo fundi hupigiwa simu, naye hujibu, "Ndugu, zima huo ukaguzi, itapita." Na kweli hupita. Karani hushukuru, foleni husogea, na tangu siku hiyo hapana mtu anayekumbuka kwamba mlango uliachwa wazi. Nataka kuwaonyesheni kwamba ujumbe ule huwa na sababu inayoweza kutafutwa kwa dakika chache, na kwamba sababu zenyewe ni chache hata mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuzishika. Anayeijua sababu hana haja ya kuzima kitu.

Yeyote kati yenu aliyepata kukaa Nakivale ajua kazi inavyokwenda. Makazi yale, kusini-mashariki mwa Mbarara katika wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wakiingia Uganda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Humo chakula, dawa, shule na kipande cha ardhi vyote huanza na jina katika orodha. Zamani orodha ilikuwa daftari na kalamu. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda nzima waliandikishwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho, na siku hizi hata chama kidogo cha akiba hutaka hifadhidata yake. Mwandishi wa jina na mashine inayolihifadhi jina huenda wasiwe mahali pamoja: karani yuko Base Camp na mashine iko Mbarara, au Kampala, au ng'ambo kabisa.

Mtu aweza kuuliza, Nani atakayejisumbua kuiba orodha ya watu waliokimbia? Wapo. Aliyekimbia amemkimbia mtu, na huyo mtu huenda angali akimtafuta. Watu wa nchi zetu hawahitaji kufundishwa hatari ya maandishi: mwaka 1994 nchini Rwanda neno moja la kabila katika kitambulisho lilitosha kumwua mwenye kukichukua, penye kizuizi cha barabarani. Tena mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandaoni wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, nao walikuwa watu waliotengana na jamaa zao kwa vita, uhamaji na maafa. Siku ile wezi hawakuingia kwa mlango wa vyeti. Walipitia programu iliyokuwa haijatiwa kiraka. Nimeitaja habari hiyo ili mjue kwamba orodha za namna hii zina watu wanaozitaka. Hapa Uganda, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 yamlazimu kila mwenye kuhifadhi habari za watu azilinde.

Haya, tuingie katika somo.

Mawasiliano ya siri kati ya kompyuta na seva yana mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kufumba maneno, ili anayesikiliza njiani asielewe. La pili ni kumjua unayezungumza naye. Fikiri umeandika barua ya siri, umeitia katika bahasha na kuifunga kwa lakiri, kisha umemkabidhi mtu wa kwanza aliyesema, "Mimi ndiye tarishi." Lakiri ni nzima, lakini barua iko mkononi mwa nani? Kufumba maneno bila kukagua cheti ni kama hivyo. Mwizi aliyejiweka katikati, tuseme kwa kutengeneza waifai yenye jina lile lile la duka unalolizoea mjini Mbarara, atafumba maneno pamoja nawe vizuri kabisa, ayafumbue kwake, ayasome, kisha ayapeleke mbele kwa seva ya kweli. Wewe utaona kazi inakwenda. Seva ya uongo yaweza hata kuiomba programu yako ilete neno la siri wazi, na programu ikalileta, isipokuwa umeizuia.

Cheti ndicho kinachozuia hila hiyo, na hukaguliwa vile vile askari wa kizuizini anavyokagua karatasi ya msafiri. Hutazama tarehe, kama karatasi haijapitwa na wakati. Hutazama jina, kama ni la huyu aliyesimama mbele yake. Hutazama muhuri, kama ni wa ofisi anayoiamini. Basi kompyuta nayo huuliza maswali hayo hayo matatu, na "certificate verify failed" maana yake mojawapo limejibiwa vibaya. Kazi ya fundi ni kujua ni lipi.

Tuchukue hifadhidata ya PostgreSQL kwa mfano, kwa kuwa haina gharama ya leseni na hutumika sana. Tuseme seva iko Mbarara, jina lake mbarara-data, na karani yuko Nakivale. Katika maneno ya kuunganisha kuna neno liitwalo sslmode, nalo hukubali thamani kadhaa. Ikiwa ni disable, hapana siri yo yote. Ikiwa ni prefer, nayo ndiyo inayotumika usipoandika kitu, kompyuta huomba siri, lakini seva ikikataa huendelea hivyo hivyo wazi, bila hata kukuambia. Ikiwa ni require, maneno hufumbwa, lakini cheti hakikaguliwi, ila kama kuna faili la cheti cha mzizi limewekwa mahali pake. Verify-ca hukagua muhuri peke yake. Verify-full hukagua muhuri na jina pamoja, na kwa kazi ya majina ya watu mimi sioni sababu ya kutumia nyingine. Maneno kamili ni haya:

psql "host=mbarara-data dbname=orodha user=karani sslmode=verify-full sslrootcert=mzizi.crt"

Mafundi hupenda neno require kwa sababu lasikika kali. Sasa mwajua kwamba halikagui kitu mpaka lipewe cheti cha mzizi. Katika MySQL neno la kukagua vyote ni VERIFY_IDENTITY. Katika SQL Server ya Microsoft jihadharini na TrustServerCertificate: likiwekwa yes, maana yake, Mwamini ye yote ajaye. Tangu mwaka 2022, kiunganishi cha ODBC namba 18 cha Microsoft kilipoanza kudai siri bila kuombwa, watu wengi waliona kosa la cheti kwa mara ya kwanza wakaandika neno hilo ili wapate kulala.

Programu ya psql mara nyingi husema tu "certificate verify failed" na kunyamaza. Usibahatishe. Itumie programu ya openssl iende kuuliza kwa niaba yako:

openssl s_client -starttls postgres -connect mbarara-data:5432 -CAfile mzizi.crt -verify_hostname mbarara-data

Maneno ya -starttls postgres msiyaache. PostgreSQL kwa desturi yake huanza mazungumzo kwa maneno ya wazi, ndipo huomba kuingia katika siri. Ukiyaacha maneno hayo, openssl itaanza na siri moja kwa moja, seva huenda isiielewe, nawe utadhani cheti ni kibovu kumbe hukukiona kabisa. Kwa MySQL andika -starttls mysql. Kisha tazama chini, penye mstari wa "Verify return code". Namba iliyopo hapo ndiyo jibu. Sifuri ni salama.

Namba 9 yasema cheti hakijaanza kutumika, na namba 10 yasema kimekwisha muda. Mbele ya namba 9 mtazame kwanza saa yako, maana ni vigumu seva kutoa cheti cha kesho. Katika nchi ya umeme wa sola jambo hili ni la kila siku. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo iliyo kama sarafu, nayo ndiyo inayoiendesha saa wakati umeme hakuna. Betri hiyo ikifa, kila sola inapokatika usiku kompyuta huamka asubuhi ikidhani ni mwaka 2015 au mwaka iliyotengenezwa. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia ile ya tano hazina saa ya namna hiyo kabisa; hungoja mtandao uziambie ni saa ngapi. Kwa hiyo vyeti vyote vya dunia huonekana ni vya siku zijazo. Alama yake ni kwamba si hifadhidata tu inayokataa, bali karibu kila tovuti yenye kufuli hukataa pia. Tena watu hutazama saa na dakika, wasitazame mwaka! Betri mpya hupatikana madukani Mbarara, na dawa nyingine ni kuiacha kompyuta iulize saa mtandaoni kabla ya kuanza kazi.

Namba 10 yaweza kuwa ya saa pia, ikiwa saa imekimbia mbele, lakini mara nyingi cheti kimekufa kweli. Hapa kuna mtego kwa sisi wa Afrika Mashariki. Tarehe za vyeti huandikwa kwa saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Cheti kiishacho saa sita usiku kwao, kwetu huisha saa tisa usiku. Karani afungaye ofisi saa kumi na moja jioni huiacha hifadhidata nzima, akaikuta asubuhi imekataa, naye huapa kwamba hapana aliyeigusa. Asema kweli.

Vyeti vya bure vya Let's Encrypt kwa kawaida huishi siku 90, na watoa vyeti vya hadharani wamekubaliana kufupisha maisha ya vyeti vyote: siku 200 tangu Machi 2026, na kufika siku 47 ifikapo Machi 2029. Hapana mtu atakayeweza kuvikumbuka kwa kichwa. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt yenyewe haitumi tena barua za kukumbusha. Hapana budi kazi hiyo ipewe programu. Lakini programu nayo ina ujanja wake: huandika cheti kipya katika folda yake, wala haimwambii PostgreSQL. Lazima cheti na ufunguo vinakiliwe mahali ambapo PostgreSQL yaweza kuvisoma, kisha seva iambiwe ivisome upya kwa agizo hili:

SELECT pg_reload_conf();

Tangu toleo la 10 hapana haja ya kuizima seva. Nimeona mara kadhaa cheti kipya kikiwa kimelala salama katika diski huku seva ikiendelea kuonyesha cha zamani, na watu wakibishana, mmoja akisoma tarehe ya faili na mwingine akisoma tarehe ya openssl. Aamuaye ni openssl, kwa kuwa huuliza seva yenyewe.

Namba 62 ni ya jina. Psql husema wazi kwamba cheti cha mbarara-data hakifanani na jina uliloandika. Kisa cha kawaida ni karani kuandika namba, tuseme 192.168.10.5, kwa sababu jina halikupatikana mtandaoni siku moja. Cheti kina jina, hakina namba. Badala ya kulegeza ukaguzi, andika vyote viwili: host=mbarara-data hostaddr=192.168.10.5. Kompyuta itakwenda kwa namba na itakagua kwa jina. Njia hiyo hiyo hufaa mtu apitiaye ndani ya njia ya SSH, ambapo seva huonekana kana kwamba iko katika kompyuta yake mwenyewe: huandika hostaddr=127.0.0.1 na kuacha jina la kweli mahali pake. Mwenye kutengeneza cheti naye akumbuke kuandika jina katika sehemu iitwayo subjectAltName. Ile sehemu ya zamani ya Common Name programu nyingi za leo hazitaki hata kuitazama.

Sasa muhuri, na hapa ndipo penye kazi. Namba 18 yasema cheti kimejitia saini chenyewe. Namba 19 yasema mwisho wa mnyororo kuna mzizi ambao kompyuta yako haumwamini mwenyewe. Namba 20 na 21 huandamana kama pacha: kompyuta haikumpata aliyekitia saini cheti.

Cheti cha seva kwa kawaida hakitiwi saini na mzizi wenyewe. Mzizi humtia saini mtu wa kati, naye wa kati hutia saini cha seva, kama vile waziri asivyoandika kila kibali kwa mkono wake, bali hukiacha kwa ofisa wa wilaya. Kompyuta yako yamjua waziri; ofisa haimjui, lazima seva imlete. Basi mtu akiweka katika faili la server.crt cheti cha seva peke yake, mnyororo hukatika, na namba 20 huonekana. Tiba ni kuandika vyeti viwili katika faili moja, cha seva kwanza, cha kati baadaye.

Sababu ya pili ni mfuko wa mizizi. Watu hudhani kompyuta ina mfuko mmoja wa watia saini inaowaamini. Sivyo. Mfumo wa kompyuta una wake, Java ina wake, na Python mara nyingi huja na wake. PostgreSQL, kwa desturi, hautumii mfuko wo wote ila faili la root.crt ulilompa wewe; tangu toleo la 16 waweza kuandika sslrootcert=system ili itumie wa mfumo, na hapo yenyewe hulazimisha verify-full. Ina haki, kwa kuwa mtoaji wa hadharani humpa cheti kila mwenye jina lake la mtandaoni, mwizi pia, na jina ndilo pekee litakalowatofautisha. Kwa hiyo msistaajabu psql ikikubali na programu ya Java katika kompyuta ile ile ikilia "PKIX path building failed". Mifuko ni miwili.

Sababu ya tatu ni mzizi kuzeeka. Tarehe 30 Septemba 2021, kama saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, mzizi wa zamani uitwao DST Root CA X3, ambao vyeti vingi vya Let's Encrypt viliuegemea, ulikwisha muda. Vyeti vya seva vilikuwa hai, lakini kompyuta zenye OpenSSL ya zamani ya 1.0.2 zilifuata njia ya mzizi uliokufa na kukataa. Mwezi Agosti 2024 watumiaji wa hifadhidata za Amazon waliona jambo la jamii hiyo, mzizi wao uitwao rds-ca-2019 ulipokwisha katika sehemu nyingi: waliokuwa na faili la zamani la mizizi ilibidi walete jipya. Ikiwa kila kitu kilikwenda jana, hapana aliyegusa seva, na cheti chake bado kina miezi, mtazame mzizi.

Kuna na mzizi wa nyumbani. Ofisi ndogo yaweza kujitengenezea mzizi wake, ikatia saini cheti cha seva yake, na kuwapa makarani faili la mzizi.crt. Kwa seva isiyofikiwa na watu wa nje naiona njia nzuri, nzuri kuliko kununua. Ila faili hilo lipelekwe kwa mkono, katika diski ndogo ya mfukoni, na fundi aendaye Nakivale. Ukiliomba litumwe kwa mtandao ule ule usiouamini, umemwuliza mgeni akuthibitishie yeye ni nani. Ufunguo wa mzizi nao ukae mbali na seva, na usipande gari.

Yaliyosalia ni mepesi. Kosa lenye maneno "protocol version" laonyesha mmoja ni mzee: TLS 1.0 na 1.1 ziliachishwa kazi rasmi mwaka 2021, na MySQL 8.0.28 haizijui kabisa. Pandisha toleo la yule mzee. Seva ya PostgreSQL ikikataa kuwaka na kusema ufunguo una "group or world access", faili la ufunguo laweza kusomwa na wasiohusika. Chmod 600 hutosha. Na kosa la "no pg_hba.conf entry" likiishia na "no encryption" huenda maana yake seva yadai siri nawe umekuja bila.

ZOEZI. Katika chumba cha kompyuta wekeni PostgreSQL katika mashine moja, mtengeneze mzizi wenu na cheti cha seva, na mwunganishe mashine ya pili kwa verify-full mpaka openssl ijibu sifuri. Kisha mwanafunzi mmoja aharibu kitu kimoja bila kusema: arudishe tarehe mpaka 2015, au aondoe mzizi.crt, au abadili jina la seva. Wengine waandike namba wanayoitazamia kabla ya kuuliza openssl. Baada ya hapo zimeni ssl kwa upande wa seva na mwingie kwa sslmode=prefer, kisha mwandike:

SELECT ssl FROM pg_stat_ssl WHERE pid = pg_backend_pid();

Mtuletee jibu mliloliona, na mweleze pia kwa nini kuondoa mzizi.crt huleta namba 19 kwa seva moja na namba 21 kwa nyingine. Wanafunzi wa zamani waliotengeneza mzizi wa nyumbani ofisini kwao nao waandike, watuambie ufunguo wake wanauweka wapi, pasipo kututajia kabati lenyewe.